Mtandio Usiofuliwa

Hasifa Nansubuga amepigwa mara nyingi maishani, kama walivyopigwa wengi, lakini vipigo anavyovihesabu ni vitatu tu. Vyote vitatu vilikuwa na maziwa ndani yake.

Cha kwanza alipigwa na mama yake mzazi, akiwa na miaka tisa, huko Sembabule, Uganda, kwenye nyasi kavu na ng'ombe wengi kuliko watu. Mama huyo, Nambi, alikuwa na kibuyu cha kugandishia maziwa alichorithi kwa mama yake, na ndani yake kulikuwa na utando mkavu wa manjano ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Kibuyu kilifukizwa moshi wa nyasi, kikatiwa maziwa, na baada ya siku mbili maziwa yakatoka mazito, machachu, yenye kuchoma ulimi kidogo. Siku hiyo Nambi alikwenda msibani. Hasifa, mtoto mwenye moyo mzuri na akili changa, akaona kibuyu kinanuka. Akakitia maji ya moto na sabuni ya kipande, akakisugua kwa mchanga hadi kikang'aa.

Nambi aliporudi alikinusa kibuyu, akakiweka chini taratibu. Kisha akachukua ufito wa kuswagia ng'ombe, akamchapa mtoto mpaka ufito ukavunjika, akachukua mwingine. Huku akichapa alikuwa akilia kuliko yule anayechapwa, na neno lake lilikuwa moja tu: "Umewaua! Umewaua wote!"

Hasifa alidhani mama yake amerukwa na akili. Amemuua nani? Lakini wiki ile maziwa yalioza badala ya kuganda. Wiki iliyofuata yakaoza tena, na mdogo wake akaharisha hadi macho yakamwingia ndani. Ikabidi Nambi atembee siku nzima kwenda kwa dada yake kuomba bakuli la mtindi wa mbegu ile ile, aurudishe uhai kibuyuni. Kumchapa mtoto namna ile ni ukatili na hapa hatetewi mtu, ila tangu siku hiyo Hasifa alijua kwamba sabuni nayo inaweza kuua, na kwamba anayeua si lazima awe na nia mbaya.

Kipigo cha pili kilitoka kwa mumewe, Kiwanuka, mwanamume mwenye sauti nzuri ya kuadhini na mkono mbaya. Alimmwagia sufuria ya maziwa yanayochemka kwa sababu chai ilichelewa. Kovu linaanzia kwenye kifundo cha mkono wa kushoto na kuishia kwenye kiwiko, limekunjamana. Asubuhi ya pili yake alikwenda kwa mama, akapewa kibuyu kidogo chenye utando wake ndani, akaondoka. Akafanya kazi za ndani Nairobi miaka minne, akajifunza Kiswahili huko kwa kutukanwa, hadi wakala mmoja wa Kampala akamtafutia kazi Maskati. Alishuka uwanja wa ndege akiwa na begi moja, na katikati ya begi, kimezungushiwa nguo za ndani asikiguse mtu wa forodha, kilikuwemo kibuyu.

Nyumba aliyopelekwa ilikuwa mtaa wa Mawaleh, nyeupe, yenye geti la chuma na mtende mmoja usiozaa. Mwenye nyumba ni Thabit, mtu wa miaka hamsini na minane, mwenye ghala la vipuri vya malori kule Rusayl. Mkewe ni Nadra. Binti yao, Bashayer, ameolewa, anakaa mitaa ya karibu, na anafanya kazi kwenye maabara ya vyakula. Na juu ya wote yupo Bi Mahbuba, mama yake Thabit, mzaliwa wa Unguja, aliyevuka bahari akiwa mwali baada ya kuona baba yake akiburutwa mlangoni siku za Mapinduzi. Hajawahi kuisimulia siku ile. Akiulizwa husema tu kwamba damu ikikauka kwenye sakafu ya saruji haitoki hata kwa chokaa.

Hasifa aliajiriwa kwa ajili ya Bi Mahbuba: kumwogesha, kumlisha, kumpeleka msalani, kumsikiliza. Mwezi wa kwanza alikiamsha kibuyu. Hakukuwa na nyasi za kufukizia, lakini kulikuwa na chetezo na ubani, na Hasifa akaona moshi ni moshi. Akakigeuza kibuyu mdomo chini juu ya chetezo, huku nyuma ya jikoni, akakizungusha moshi uingie kotekote.

Nadra akamkuta hapo hapo. Mwanamke mgeni, kibuyu cheusi chenye kitu kimeganda ndani, na moshi! Alipiga ukelele uliosikika kwa jirani.

"Sihri! Uchawi! Thabit, njoo uone! Huyu kadama, mtumishi huyu, anatufanyia sihri ndani ya nyumba!"

Aliyewahi kutoka ni Bi Mahbuba, kwa bakora yake, hatua kwa hatua, akivuta pumzi puani. Alisimama mbele ya chetezo, akafumba macho.

"Sihri gani, we Nadra? Mama'angu akifukiza mitungi hivi hivi. Maji yakinukia mpaka uyaonee huruma kuyanywa. Hebu, mwanangu, hicho kibuyu cha nini?"

"Cha maziwa, Bibi. Ya kuganda."

"Basi tia maziwa. Mie nnataka."

Tangu siku hiyo Bi Mahbuba akawa na kikombe chake kila asubuhi. Laban, mtindi wa dukani, akaisukumia mbali, akisema ile imekufa, haina ugomvi. Nadra alinyamaza, lakini kunyamaza si kuridhika. Thabit naye akipita jikoni hufunika pua kwa ncha ya kilemba.

Bashayer ndiye aliyefurahi zaidi. Siku moja alichota vijiko viwili akaenda navyo kazini, akarudi na picha kwenye simu: vijiti vyembamba, shanga zilizofuatana, na viduara vikubwa vya hamira.

"Watazame watu wako," alimwambia Hasifa. "Hawa bakteria wanakula sukari ya maziwa, wanatoa asidi. Ile asidi inawaunguza wengine wote. Kila kijidudu kibaya kinachoingia humo kinapigwa vita. Wengi hawafiki siku ya pili."

"Kwa hiyo wangu ni wauaji?"

"Wauaji wakubwa!"

Hasifa alicheka hadi akakaa chini. Mwaka mzima na nusu uliopita alikuwa hajacheka hivyo.

Sasa sikiliza jinsi mapenzi yanavyoweza kuua kuliko chuki. Ijumaa moja ya mwezi wa sita, mwaka uliofuata, joto limepanda hadi lami inanasa viatu, Thabit alikuwa anarudi kutoka bara. Kando ya barabara akawakuta wachungaji na ngamia wao. Akanunua maziwa, yamekamuliwa mbele ya macho yake, povu linaelea, yakajazwa kwenye chupa ya maji ya lita mbili. Akayatia kwenye buti ya gari. Mwendo wa saa tatu.

Aliingia nyumbani amefurahi kama aliyeokota lulu. "Mama, nimekuletea maziwa ya ngamia. Fresh. Ya baraka. Uache ule uozo wa kwenye kibuyu."

Hasifa alipoishika chupa aliiona ina joto la mwili wa mtu. Alifungua kifuniko, ikapumua. Pua yake ilimwambia jambo, na mdomo ukalisema.

"Baba, nichemshe kwanza?"

"Ukichemsha unatoa faida yote. Wewe nani hata unifundishe maziwa? Lete gilasi."

Bi Mahbuba hakuyataka. Lakini mwanawe alikuwa amepiga magoti mbele yake, mtu mzima mwenye mvi, gilasi mkononi, na mama gani atakataa? Akanywa yote. Thabit mwenyewe hakuonja. Maziwa ya ngamia humvuruga tumbo. Chupa yenye yaliyobaki akaitia kwenye friji, nyuma ya mitungi ya achari.

Kufika Jumamosi Bi Mahbuba alikuwa anatapika nyongo. Homa ikampanda, tumbo likamwendesha mpaka akawa hawezi kuinua shingo. Gari la wagonjwa likaja kumchukua. Hasifa alimfuata hadi getini ameshika ndoo, na Nadra akamzuia kifuani kwa kiganja. "Wewe baki. Umeshafanya kazi yako."

Jumapili, baada ya swala ya alasiri, Thabit alirudi peke yake kutoka hospitali. Daktari alikuwa amemwambia kwamba mama yake amekula au amekunywa kitu kichafu, na kwamba kwa umri wake lolote linaweza kutokea. Ukitaka kumjua mwoga, mtazame siku hatia inapomgusa. Ndani ya kifua cha Thabit ile chupa ya lita mbili ilikuwa tayari inamwita kwa jina, naye hakutaka kuisikia. Njia nzima alitafuta mtu wa kumbebesha, na mtu alikuwepo, jikoni, anakata vitunguu.

Kofi la kwanza lilimzungusha. La pili likamgongesha kwenye mlango wa kabati. Kisu kilianguka, na Hasifa akakisukuma kwa mguu chini ya jiko, kwa sababu alijiogopa.

"Umempa nini mama'angu? Sema! Umempa nini?"

"Baba, wallahi sikumpa kitu. Ni yale maziwa ya ngam..."

Ngumi ikalizima neno. Hapo Hasifa alikuwa amelitaja lile ambalo Thabit hakutaka kulisikia, na sasa hakuwa anapiga mtu, alikuwa anapiga lile neno lirudi kooni. Alimpiga mbavuni, akampiga mgongoni alipoinama, akamshika mtandio akamvuta nao hadi katikati ya jikoni kama mbuzi wa Idi. Hasifa alihesabu. Huhesabu siku zote. Ni njia yake ya kukaa mbali kidogo na mwili wake. Lilipofika pigo la tisa mkono wa Thabit ulipapasa meza na kukuta kibuyu, kimejaa maziwa ya siku mbili.

Alikishika shingoni. Akakipandisha juu. Kikashuka juu ya kichwa cha Hasifa, kikapasuka.

Maziwa yalimfumba macho. Mtandio wa pamba nyeupe ukanywa mpaka ukalegea, na sekunde chache baadaye upande wa kushoto ukaanza kunywa kitu kingine, chenye joto zaidi. Alipiga magoti kwenye vigae akiokota vipande vya kibuyu, bila kuusikia mwili wake unavyouma, akisema kwa Kiganda jambo ambalo hakuna aliyelielewa. Alikuwa anasema, "Umewaua." Nadra alikuwa mlangoni wakati wote huo, mkono mdomoni, na miguu yake haikutoka pale ilipo.

"Kesho polisi," alisema Thabit akihema. "Kwa kumtilia mama'angu sumu. Utaozea ndani." Akamkokota hadi kwenye stoo ya nyuma, penye magunia ya mchele na kiyoyozi kibovu, akafunga kwa ufunguo.

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa mbele ya Hasifa: neno lake dhidi ya neno la mwenye nyumba, na kifungo cha mtu aliyemtilia mkongwe sumu. Ushahidi ulikuwa mapipani. Jikoni kulishapigwa deki kwa dawa ya kuua vijidudu mpaka harufu yake ikapenya chini ya mlango.

Baada ya saa moja mlango ulifunguliwa kwa upana wa mkono. Nadra akasukuma ndani beseni la maji na pakiti ya sabuni ya unga.

"Vua huo mtandio uufue. Unanuka. Umejaa damu, haufai kuonekana."

Hasifa aliitazama ile sabuni. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, na alikuwa na umri wa miaka tisa.

"Hapana, Madam."

"Nini?"

"Sifui."

Nadra hakuwahi kusikia neno hilo kutoka kwa mtu wa kazi. Aliingia, akaukamata mtandio. Hasifa, ambaye mapigo kumi hakuyarudisha, safari hii alirudisha. Alimsukuma Nadra kifuani kwa mikono miwili, mwanamke yule akaenda kukaa kwenye gunia la mchele, beseni likapinduka, sabuni ikamwagika yote. Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amemwogopa mwenzake.

"Ukiugusa tena," Hasifa alisema polepole, "nitauma."

Nadra akatoka, akafunga. Hasifa akauanika mtandio juu ya gunia, upande wa maziwa juu, kwenye upepo usio na baridi wa kiyoyozi kibovu. Ukakauka mgumu kama karatasi ya mfuko wa saruji. Alijua alichokuwa anafanya. Kibuyu chenyewe kilisafiri hivyo hivyo kutoka Sembabule, kikavu, na waliomo ndani wakaamka.

Bashayer alikuja asubuhi ya Jumatatu. Alifungua mlango wa stoo, akaona, akarudi nyuma hatua moja akashika fremu ya mlango.

"Nani kakufanya hivi?"

"Muulize Baba yako."

Bashayer alikaa chini kwenye sakafu yenye sabuni, abaya yake nzuri na yote. Akamweleza kwamba hospitali imepata bakteria wa salmonela tumboni mwa Bi Mahbuba, kwamba bibi yu hai lakini hasemi, na kwamba baba yake amekubali kwa shida kungoja siku tatu kabla ya kwenda polisi, maabara ipime kwanza. Lakini kibuyu kimetupwa. Apime nini?

Hasifa alimwonesha mtandio.

Bashayer aliuinua kwa ncha za vidole. Macho yake yalikwenda kwenye upande wa manjano, kisha kwenye upande wa kahawia, yakakaa huko muda mrefu. Huyu ni binti wa Thabit. Alipozungumza, sauti ilikuwa imepungua.

"Nipe nikate huu upande wa maziwa. Unatosha. Huu mwingine... tuufue, Hasifa. Mie ntakutoa kwenye kesi ya sumu, na wewe uliache hili. Nusu shari kuliko shari kamili."

"Shari yangu haina nusu, Dada."

"Baba'angu atafungwa."

"Na mimi nilikuwa nafungwa jana. Ulilala?"

Bashayer hakulala, na macho yake yalionesha. Hasifa akaomba mkasi. Yeye mwenyewe akatafuta mahali ambapo maziwa na damu viliingiliana, rangi ya chai ya rangi iliyotiwa maziwa kidogo, akakata kipande cha ukubwa wa biskuti, akamtilia mkononi.

"Chukua hapo. Upime, na karatasi itaje vyote viwili, maziwa na damu. Na kwenye friji, nyuma ya achari, kuna chupa. Ichukue kabla Baba hajaikumbuka."

Siku tatu zaidi alikaa stoo. Alipewa maji, mkate na dengu. Jeraha la kichwani likajifunga lenyewe, bila mshono, limekaa vibaya. Kila aliposikia hatua koridoni aliuvuta mtandio chini ya mgongo wake akaulalia.

Alhamisi saa nne asubuhi walimtoa, wakamsimamisha sebuleni juu ya mazulia, mbele ya meza ya kioo yenye bakuli la tende. Bi Mahbuba alikuwa amerudi, ameketi kwenye kiti cha magurudumu, amebaki mifupa na macho. Thabit alisimama dirishani, Nadra kwenye kochi. Bashayer alikuwa na karatasi mbili mkononi.

Hakuzunguka. Alisema kipande cha mtandio kimepimwa: ndani yake kuna bakteria wa mtindi tu, wale wale wa kwenye picha ya mwaka jana, wengi na wazima mpaka leo. Salmonela hakuna. Kisha akasema chupa ya maziwa ya ngamia imepimwa. Imejaa salmonela, na aina yake ndiyo ile ile iliyokutwa tumboni mwa bibi.

"Uongo," alisema Thabit.

"Baba, nimepima mara mbili. Nilikuwa nnataka iwe uongo kuliko wewe."

"Kwa hiyo mie nimempa mama'angu sumu? Mie?" Alipiga teke meza ya kioo ikaenda kupasukia ukutani, tende zikatawanyika. Akamwendea binti yake mkono umeinuka, na Hasifa, ambaye hakuna aliyemuuliza, akajikuta ameingia katikati yao. Alikuwa ameshafumba macho kungoja.

"Thabit."

Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu aliyekaukiwa koo, lakini ilikuwa ya kwanza tangu Jumamosi. Mkono wa Thabit ulibaki hewani.

"Njoo hapa," alisema Bi Mahbuba. Macho yake yalikuwa kwenye kichwa cha Hasifa, pale nywele zilipogandamana. "Huyu kafanywa nini kichwa?"

Kiyoyozi kilinguruma. Bi Mahbuba aliuliza tena, na safari hii Nadra, ambaye kwa siku nne alikuwa amebeba kitu kikubwa kuliko kifua chake, alianza kulia.

"Kapigwa na kibuyu, Mama. Thabit kampiga. Na mie nlikuwapo nikitazama."

"Piga magoti," mkongwe alimwambia mwanawe.

Na Thabit akapiga magoti, pale pale alipopiga siku ya gilasi. Bi Mahbuba akaivuta bakora iliyokuwa imeegemea gurudumu. Hakuna aliyedhani ana nguvu hizo. Fimbo ya kwanza ilimpata begani, ya pili shingoni, ikaangusha kofia. Ya tatu ikampasua sikio. Mtu wa miaka hamsini na minane, mwenye ghala na wafanyakazi ishirini, aliinamisha kichwa asikwepe, na damu ikamtiririka kwenye ukosi wa dishdasha, kanzu yake.

"Nlimuona baba'angu akiburutwa," alisema Bi Mahbuba, akipiga. "Akiburutwa kwa nguo yake. Wakisema hawa ndio wabaya, wapigeni. Na mie nkakuzaa, nkakulea, uje unifanyie hayo ndani ya nyumba yangu? Asofunzwa na mamaye, Thabit! Nlikosa kukufunza mie!"

Ya tano haikufika. Mkono ulimwishia nguvu, akabaki anahema, midomo imekuwa ya kijivu. Kisha akaigeuza bakora, akamnyooshea Hasifa upande wa mpini.

"Shika, mwanangu. Malizia. Alokupiga umpige."

Hasifa aliishika. Ilikuwa nzito, laini pale kiganja cha kizee kilipoisugua miaka yote. Shingo ya Thabit ilikuwa wazi mbele yake, nyeupe, na mshipa unadunda. Asidanganywe mtu kwamba hakutaka. Alitaka hadi meno yakamuuma. Aliyaona mapigo yote tisa akiyarudisha, na la kumi akaliona linashuka na kupasua kichwa kama kilivyopasuka kibuyu, na aliliona vizuri sana, na alifurahi.

Akailaza bakora mapajani pa mkongwe.

"Hii ni ya mama na mwanawe, Bibi. Mimi siyo mama yake." Akamgeukia Thabit. "Pasipoti yangu."

Ililetwa. Nadra ndiye aliyekimbia kuileta, kutoka kabati lenye dhahabu zake. Hasifa aliifungua kuhakikisha kwamba sura ni yake. Kisha akautoa mtandio uliokuwa umekunjwa kifuani mwake, akauma ukingo kwa meno na kuuchana katikati, kwa kelele kavu iliyomshtua hata Thabit. Kipande cha manjano akakiweka juu ya magoti ya Bi Mahbuba.

"Kikiloweshwa kwenye maziwa yaliyochemshwa yakapoa, Bibi, wataamka. Siku tatu, nne. Dada Bashayer anajua. Ila chombo kisitiwe sabuni."

"Na wewe unakwenda wapi?" mkongwe aliuliza, ingawa alishajua, maana alikuwa ameshika ncha ya kanga ya Hasifa hataki kuiachia. Hasifa alilia hapo, mara ya kwanza tangu Jumapili. Alibanduabandua vile vidole kimoja kimoja, akavibusu, akatoka.

Bashayer alimwendesha. Mbele ya kituo cha polisi alisimamisha gari, akashika usukani kwa mikono miwili akitazama mbele.

"Mie siwezi kuingia," alisema. "Ni baba'angu. Lakini karatasi hizi hapa, zote mbili. Zina saini yangu. Wakiniita ntakuja."

"Sawa, Dada," alisema Hasifa, na alimaanisha.

Ndani kulikuwa na baridi. Askari aliyekuwa mezani alikuwa kijana, mpole, amechoka. Hasifa akaziweka karatasi, akaweka pasipoti, na juu yake akakikunjua kile kipande cha upande wa kahawia. Harufu ya maziwa machachu na damu ya siku nne ikajaa chumba. Askari alikisogeza kwa ncha ya kalamu, akakunja uso.

"Siku zote hizi," aliuliza, "mbona hukukifua?"

Hasifa alimjibu kwa Kiarabu chake cha jikoni, kilichokatika lakini kikaeleweka.

"Nilisafisha mara moja, nikiwa na miaka tisa," alisema. Akavuta kiti, akakaa. "Andika."